Klike ya Meno Madogo

Tulimzika Mama Vumi siku ya Jumamosi. Jumapili, watu walipokuwa wamepungua chini ya turubai, nikamwona mwanaume mwenye mvi akiingia uani, viatu vyake kavishika mkononi na suruali kaikunja mpaka magotini. Alikuwa ametoka Kalemie kwa boti. Boti ilichelewa, na maji ya ziwa lililofurika yalikuwa bado yamekaa kwenye njia ya bandari ya Kalundu, basi akavuka kwa miguu na kuja moja kwa moja msibani. Alisimama katikati ya uwanja akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta nyumba aliyoiacha. Kisha macho yake yakanifikia. "Riziki," akasema, "weye njo umezeeka hivi?" Nikamjibu, "Na weye je, Dodo? Kule Kalemie vioo hakuna?" Tukacheka, halafu tukalia, halafu wakatuletea bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, tukala sahani moja kama tulivyokuwa tukila zamani, yeye akimega upande wake na mimi upande wangu.

Binti yangu aliniuliza baadaye yule baba ni nani kwetu. Nikasema tulifanya kazi pamoja. Ni kweli, lakini jibu hilo halikunitosha mwenyewe. Kuna mwaka mmoja ambao nikiutoa katika maisha yangu, sijui yaliyobaki yatasimama juu ya nini, na waliokuwepo mwaka huo walikuwa watu wawili: mmoja tumemzika, na mwingine ndiye huyo aliyekuja na viatu mkononi.

Ulikuwa mwaka ambao barabara ya kwenda Fizi ilianza kupitika tena. Magari yaliyokuwa yamefichwa, yaliyokuwa yamelala juu ya mawe bila magurudumu, yalianza kuamshwa moja moja, na asubuhi ungesikia upande wa Makobola lori likipanda gia, sauti ambayo wadogo zetu walikuwa hawaijui. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi, na garaji ya Mama Vumi kule Mulongwe ndiyo peke yake iliyokubali kunipokea; Dodo nilimkuta palepale, fundi tayari. Garaji ilikuwa ya mumewe. Mumewe aliugua akafa, na vyombo vyake viliondoka katika ile miaka ya kukimbia vita: kila tuliporudi majumbani mwetu, kitu kimoja zaidi kilikuwa hakipo. Zilibaki spana za kawaida, nyundo, jeki moja iliyovuja mafuta, na klike ya zamani yenye kichwa kikubwa kama ngumi ya mtoto. Mama Vumi mwenyewe hakujua kufungua hata nati, lakini alikuwa na jicho. Alipika uani, kando ya magari, na akikoroga bugali aliweza kusema bila kugeuka, "Ile gari haijapona bado, nasikia inakohoa."

Nililala stoo, kati ya matairi. Hata leo harufu ya mpira mkongwe inanipa usingizi. Ukuta uliotenganisha stoo na sebule ya Mama Vumi haukufika darini, fundi wa matofali aliuacha hivyo ili hewa ipite, na pamoja na hewa yalipita maneno. Ndivyo nilivyojua, jioni moja nikiwa nachambua sombe, majani ya muhogo, kwa mwanga wa mlangoni, kwamba garaji yetu ilikuwa inahesabiwa siku. Papa Elie, mdogo wa marehemu, alikuwa amekuja. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyewasomesha watoto wa kaka yake bila kuombwa. Lakini alikuwa mtu wa biashara, na kiwanja kile kilitazama barabara kubwa.

"Shemeji, tuseme ukweli," akasema. "Garaji bila vyombo ni kiwanja tu. Watu wa simenti iko wanatafuta pahali pa depo. Wanaweza kukulipa kila mwezi, unakaa, unakula."

"Kaka yako alinikuta nauza ndagala," Mama Vumi akajibu, "akaniacha na garaji. Siku nitaona imekufa yenyewe, nitarudi ku ndagala yangu. Lakini haijakufa. Nipatie mpaka Noeli."

"Noeli, sawa. Lakini utabaki na nani? Ule Dodo moyo yake iko Kalemie. Na ule musichana ataolewa, ataenda."

Kisha nikasikia Mama Vumi akisema, kwa sauti ileile, "Ule musichana analala nyuma ya hii ukuta, Elie. Sema polepole."

Sikumaliza kuchambua lile sombe. Niliketi na majani magotini, nikijiuliza kama maneno yale yalikuwa ya kumnyamazisha shemeji yake au ya kunifikia mimi. Leo nina umri aliokuwa nao yeye wakati ule, na sina shaka tena. Alitaka nisikie yote, la depo, la Noeli, na la kwamba kuna mtu ameshaniozesha kichwani mwake na kuniondoa.

Siku chache baadaye alituita mimi na Dodo kwenye chai. Alisema anaweza kununua chombo kimoja kizuri, kimoja tu, na akauliza kiwe kipi. Dodo hakungoja hata kumeza. Alikuwa kijana wa mabega mapana, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu vilevile, na aliamini kwamba gari ni kama ng'ombe, linaheshimu nguvu. "Klike kubwa," akasema. "Ya meno makubwa, mukono murefu. Bulo ikigoma, unaingiza bomba ku mukono, unapanda juu." Bulo ndivyo tunavyoita bolti. Mimi nikasema klike ndiyo, lakini ya meno madogo. Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Ile ni ya kutengeneza saa, Riziki. Siye tuko na malori."

Nilimweleza Mama Vumi kwa kijiko na kikombe, kwa sababu yeye ndiye aliyepaswa kuelewa. Klike ni mkono wa chuma. Ukiuvuta, bulo inazunguka. Ukiurudisha, kichwa chake kinalia kri-kri-kri na bulo inabaki palepale. Ndani ya kichwa kuna gurudumu lenye meno. Meno yakiwa makubwa ni machache, na lazima mkono uende mbali kabla jino linalofuata halijashika. Nje, kwenye nafasi, hakuna shida. Lakini magari tuliyokuwa tunaletewa yalikuwa na bulo zilizofichwa nyuma ya mabomba, mahali mkono wangu uliingia kwa shida na haukupata pa kusogea. Pale klike yetu ya zamani ilikuwa inakwenda na kurudi bila kushika jino hata moja. Ya meno madogo ingetaka nafasi ya kidole tu.

"Lakini inavunjika haraka," Dodo akasema, na hapo alisema kweli. Meno madogo hayapendi mchanga na hayapendi kupandwa. Nikakubali. Mama Vumi akatutazama mmoja baada ya mwingine, akakusanya vikombe. "Mutaenda wote wawili Bujumbura," akasema. "Mukirudi na kitu mumoja hakubali, nitawarudisha nacho kwa miguu."

Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga. Nilitoboa kitako chake, nikapitisha bulo moja na kuikaza kwa nati iliyobaki ndani, na ubavuni, kuanzia mdomoni kwenda chini, nikakata mwanya mwembamba wa vidole viwili. Nilitaka kila klike iingie humo, kichwa juu ya nati na mkono ukitokea kwenye mwanya, nione ipi itafanya kazi katika nafasi ile ya vidole viwili. Pale mpakani Kavimvira askari alilitoa kopo kwenye mfuko wangu, akaligeuza, akachungulia ndani. "Hii ni nini?" Dodo, ambaye njia nzima alikuwa akinitania juu ya kopo hilo, akajibu kwa uso mkavu kama wa mchungaji: "Ni shule, chef. Tunapeleka klike kufanya mutihani." Askari akacheka, akatupisha.

Tulikwenda Buyenzi, mtaa wa mafundi, ambako kila kibaraza kina chuma cha kuuza. Muuzaji alikuwa mama mmoja mnene aliyejifunga kitenge cha manjano, vyombo vyake vimepangwa juu ya gunia. Nikaweka kopo langu chini na kuanza. Klike ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa kama kijiko cha harusi, na meno yake madogo kweli. Iliishika nati vizuri ilipokuwa imekazwa. Lakini nati ilipolegea, kichwa kilikuwa kigumu mno kuzunguka: nilivuta mbele, nati ikaja, nikarudisha nyuma, nati ikarudi nayo. Ilikwenda na kurudi kama mlevi mlangoni, isitoke. Nikaiweka kando. Ya pili ilikuwa ile aliyoipenda Dodo, nzito, ya meno makubwa. Aliiingiza mwenyewe kwenye kopo. Alisukuma, akarudisha, akasukuma, ikagonga ukingo wa mwanya huku na huku, tak, tak, na nati haikusogea hata kidogo. Alijaribu tena. Mama wa kitenge cha manjano akauliza, "Munanunua ao munacheza?"

Dodo alikuwa ameinama juu ya kopo, na kwa mara ya kwanza sikuona hasira wala kicheko usoni mwake. Alikuwa anafikiri. "Tupatie ingine," akasema.

Ya tatu ilikuwa imetumika. Mkono wake ulikuwa umelainika kwa viganja vya mtu tusiyemjua, na kichwa chake kilikuwa chembamba, cha kupita pahali kidole kinapita. Nilipoizungusha bure ililia sauti ndogo ya karibu-karibu, kama manyunyu juu ya bati. Ndani ya kopo nilisogeza upana wa kidole, ikashika. Nikarudisha, nati ikakaa. Nikasogeza tena. Nati iliyolegea kabisa, niliyoizuia kwa ncha tu ya kidole, haikurudi nyuma. Nikamtazama Dodo. Yeye akaichukua, akaomba bisibisi, na mbele ya yule mama aliyeanza kulalamika akafungua kifuniko cha kichwa na kuangalia meno yote kuzunguka, jino kwa jino, kama anavyoangaliwa mbuzi sokoni. Hakuna lililokatika. Akaifunga. "Chukua hii," akaniambia. Halafu, tulipokuwa tunatembea: "Lakini haitafungua bulo yenye kutu. Weye unajua."

"Najua."

"Basi ile ya kuanzisha, nitaitengeneza miye."

Na kweli aliitengeneza. Alipata kipande cha ekseli ya lori, akakikata, akakichomelea kichwa cha kupokea duyi, vile vikombe vya chuma vinavyovaa bulo. Chuma kirefu, kibaya sura, kisichokuwa na jino wala kri-kri yoyote; kazi yake kuvunja ugumu wa bulo na kuondoka. Mimi niliifungia klike kwenye kitambaa chenye mafuta, juu ya dirisha la stoo, mbali na mchanga. Vikakaa hivyo, kile chuma chake mlangoni na klike yangu dirishani, na wiki zikapita tukibadilisha matairi. Jirani mmoja alikuja kuiona, akaipima mkononi, akasema chombo kizuri kwa mwanamke, ni chepesi. Mama Vumi akamwambia hata sindano ni nyepesi, na shati yake ingekuwa wapi bila sindano.

Jeep ya masista ilifika mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, ikisukumwa. Ilikuwa ya maternité, nyumba ya kujifungulia, ya kule Runingu, na Sista Agnès, mwembamba, mwenye viatu vya kiume, ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Mwinuko wa geti letu uliwashinda waliosukuma. Jeep ikasimama palepale katikati ya geti, nusu ndani nusu nje, ikaziba njia yote. Alishuka akatueleza haraka. Demareri, ile mota ndogo inayoamsha injini, ilikuwa imekufa. Garaji mbili zilisema ili kuitoa lazima bomba la moshi litoke kwanza, na bomba lenyewe limeoza, likiguswa litakatika, na lingine la kulibadilisha halipatikani. Hivyo walikuwa wakisukuma gari kila siku. "Juzi tulikuwa na mama mwenye uchungu ndani," akasema. "Gari ikazimika njiani. Alishuka yeye mwenyewe kutusaidia kusukuma. Nilimkataza, akasema, Sista, bila miye haitapanda." Akaweka mkono juu ya boneti. "Alijifungua salama. Lakini sitaki kuona tena kitu kama ile."

Niliingia chini. Bulo mbili za demareri zilionekana, ya tatu ilikuwa juu, nyuma ya bomba la moshi. Niliigusa kwa vidole lakini sikuiona. Nilimwita Dodo. Alilala kando yangu, akaingiza chuma chake kirefu kwa chini, akakipitisha kati ya bomba na fremu kwa upole ambao sikujua anao. Mimi nilishikilia duyi isitoke, yeye akavuta. Hakuna kitu. Akapumua, akavuta tena, mishipa ya shingo ikasimama, na tukasikia mlio mfupi mkali, tak. Dodo akaacha kuvuta, maana mlio wa bulo inayolegea na wa bulo inayokatika ni ndugu. Nikagusa. Kichwa kilikuwa kizima, kimezunguka kidogo. "Imekubali," nikasema. Dodo akachomoa chuma chake. Pale hapakuwa na nafasi ya kukirudisha mara ya pili, na sasa ilikuwa kazi ya klike.

Ndipo Papa Elie akafika, Noeli bado haijafika, pamoja na bwana mmoja mwenye utepe wa kupimia. Wasingeweza kuingia, jeep imeziba geti. Nilisikia viatu vyake vikizunguka karibu na kichwa changu. "Hii itatoka saa ngapi?" akauliza. Dodo, aliyekuwa amenishikia taa, akajitoa chini, na bila kufikiri akamwekea taa mkononi. "Papa, shika kidogo hapa, ninaenda kutafuta kamba ya kuifunga demareri isituangukie. Hapa, hapa chini. Usitingishe." Na Papa Elie, katika shati lake jeupe, akachuchumaa.

Nilisogeza klike upana wa kidole. Kri. Nikarudisha. Kri. Mkono wangu haukuwa na pengine pa kwenda, kiwiko kimegusa fremu na vifundo vimegusa bomba, lakini pale palitosha. Mafuta yakanidondokea shingoni, na sikuweza kujifuta. Nilikuwa nikifikiria meno yale madogo yaliyomo gizani, kila moja likisubiri zamu yake, nikaona kwamba hofu niliyoamka nayo tangu jioni ile ya sombe imeondoka bila kuaga. Papa Elie akauliza, polepole, kama tuko kanisani, "Inatoka?" Nikasema, "Inatoka, Papa. Leta taa huku kidogo." Akaileta. Baadaye akauliza tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine: "Sasa?" Bulo ikaniangukia kifuani, nyeusi kwa mafuta, ndefu. Nikamnyooshea. Akaipokea kwa kiganja kitupu, akaigeuza, akamwonyesha bwana wa utepe.

Tuliitoa demareri, Dodo akaifungua mezani, akasafisha ndani, akabadilisha yale makaa yake ya kupitisha umeme, yaliyokwisha. Kuirudisha kulikuwa kama kuitoa, kidole kwa kidole. Jua lilikuwa limekwenda upande wa milima Sista Agnès alipoketi kwenye usukani na kugeuza ufunguo. Injini iliitika mara moja. Aliizima. Akaiwasha. Akaizima tena, akaiwasha tena, akicheka peke yake mle ndani kama msichana, na Mama Vumi akaacha chungu chake motoni akaja kusimama getini na mwiko mkononi. Jeep ilirudi nyuma barabarani, geti likawa wazi. Bwana wa utepe akauliza kama aanze kupima. Papa Elie alisema saa imekwenda, waende.

Sista Agnès alikuwa na mdomo, Mungu ambariki. Kabla ya Noeli magari yalikuwa yakitoka Katogota na uwanda wote wa Ruzizi, yakitafuta garaji isiyobomoa kitu ili kufikia kingine. Haikuwa utajiri. Palikuwa na siku mbaya, na nyingine zilikuja baadaye, na kiwanja kile kiliendelea kutamaniwa na wengi. Dodo alikwenda Kalemie kama ilivyotabiriwa, ila hakwenda mwaka ule wala uliofuata, na aliondoka akiwa fundi mkubwa. Na mimi niliolewa, ndiyo, lakini sikwenda popote. Mume wangu ndiye aliyehamia Mulongwe.

Msibani Dodo aliniuliza ni lini hasa nilijua kwamba nitabaki. Alidhani nitasema ni ile siku ya jeep. Nikamwambia hapana, ni siku ya pili baada ya Noeli, naye hakumbuki, kwa sababu alikuwa anakula. Tulikuwa tumeketi uani, bugali imetoka motoni, samaki wa mukeke mzima katikati, Mama Vumi amekuwa wa mwisho kukaa kama kawaida yake. Papa Elie akaingia na gari lake mwenyewe, ile pikapu aliyokuwa akiipeleka siku zote kwa fundi wa Kimanga, kitu fulani kikilia upande wa mbele. Akashuka, akasalimia, akakaribishwa chakula, akakataa. "Shemeji," akasema, "nani ataniangalilia hii?"

Mama Vumi alimega tonge, akalichovya. "Uliza mafundi," akasema. "Miye ni mupishi."

Papa Elie akamtazama Dodo. Dodo alikuwa na mwiba wa samaki kati ya meno na hakuinua uso. Basi Papa Elie akazunguka sahani, akaja mpaka mbele yangu, akaninyooshea ufunguo wa gari kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, namna tunavyompa kitu mtu tunayemheshimu. "Inalia upande wa mbele, Mama Fundi," akasema. "Sijui ni nini."

Nilinawa, nikaupokea kwa mikono miwili, nikaenda kusikiliza.